Miguu Iliyonyooshwa Mlangoni

Watu wakimkumbuka mume wangu, humkumbuka kwa duka. Husema mwalimu yule alikuwa mkali hata akiuza sukari, na ni kweli. Mtoto akitumwa kwetu ilibidi kwanza asome kwa sauti maandishi ya kwenye pakiti, na akikwama alirudishwa mwanzo, huku mama yake anamngoja na chai iko motoni. Wazazi walinung'unika, lakini watoto walijua kusoma. Asubuhi alifundisha shule ya msingi, alasiri alifungua duka, na baadhi ya siku aliwafundisha mabibi wa darasa la ngumbaru, la watu wazima, pale pale barazani, wao wakisoma huku wanasuka ukili wa mikeka.

Mimi humkumbuka kwa jambo jingine.

Tulikuwa watu wa bara, tumekuja kuishi karibu na Msambweni kwa sababu ya kazi yake. Mwaka ule wa tisini na saba nilikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Daktari alinikataza kazi, na safari akanikataza kabisa. Basi nililala tu, na mume wangu akapika, akadeki, akafua nguo zangu na kuzianika uani mchana kweupe bila haya. Mabibi walimcheka: "Mwalimu kalishwa limbwata huyu!" Nikawajibu kupitia dirishani kwamba limbwata la bara halina dawa.

Agosti zikaanza fujo za kuwafukuza watu wa bara. Kule Ukunda vibanda vya wabara vilichomwa, na watu waliuawa. Majirani zetu wa bara wakafunga virago mmoja mmoja. Kila siku nilimuuliza mume wangu tutaondoka lini, na kila siku alilitazama tumbo langu tu. Safari ingeweza kumuua mtoto, na kukaa kungeweza kutuua sote. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimwambia akikubali kuuawa kizembe, basi asitarajie nitamlilia.

Alasiri moja mabibi walikuja darasani ingawa mume wangu alikuwa amewaambia hakuna darasa. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya duka, ng'ambo ya uwanja mdogo, na kutoka kitandani niliona mlango wa duka wa pembeni, ambao ndio mlango pekee aliokuwa akiutumia siku zile. Niliwaona wakimsukuma ndani kama mtoto mtukutu. Kisha wakaketi kizingitini, wamebanana, wakainyoosha miguu yao mbele, wakaendelea kusuka.

Hapo nikajua kuna jambo. Pwani mtu hamruki mwenzake aliyenyoosha miguu. Mtoto akiruka hata mguu wa dada yake hukemewa. Na mama, au bibi, ndiye kabisa: kumruka ni kujitafutia laana kwa mikono yako mwenyewe. Mume wangu alikuwa ameishika mila hiyo kuliko wenyeji. Shuleni alikuwa akiwaadhibu wanafunzi waliowaruka wenzao.

Vijana wakatokea kwa njia ya mihogoni, mapanga mkononi, nyuso wamezifunga vitambaa. Mmoja akasema, "Bi mkubwa, tupisheni. Tunamtaka huyo aliye ndani."

Bibi aliyekuwa mkubwa wao, ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwa vijana wale na kila mtu alimjua kwa mwendo, hakuinua hata macho. "Njia hii hapa," akasema. "Ruka."

Hakuna aliyeruka. Walisimama pale, wanatazamana, na mimi nikaanza kupumua. Kisha mmoja akaonyesha nyumba yetu kwa panga. "Mkewe yuko kule."

Nilimsikia mume wangu akisema, "Nipisheni, mama zangu." Bibi akamjibu, "Ukitoka utakufa, mwanangu. Keti." Wakaikaza miguu yao pale pale. Nikamwona akisita kidogo tu. Halafu akamruka bibi, akaukata uwanja mbio, akafika mlangoni kwangu kabla yao, akaugeuzia mgongo.

Nilidhani atawaomba. Badala yake nilisikia ile sauti yake ya darasani.

"Wewe. Mimi husalimiwa na mtu aliyejifunga uso?"

Nilikuwa nimeushika mto kwa meno nisipige kelele.

"Nauliza wewe, wa mbele."

Kijana akashusha kitambaa. Alikuwa yule mjukuu, na sauti ilimtoka ndogo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mke wangu ni mgonjwa. Ndani hamuingii."

Panga likiwa mkononi, na shikamoo mdomoni. Ningekuwa na nguvu ningecheka. Walizungumza wao kwa wao kwa Kidigo, kwa hasira, kisha mwingine akasema, "Kesho tusikukute hapa, mwalimu. Kesho watakuja wengine, na hao hujawasomesha." Wakaenda zao.

Mume wangu aliingia, akaketi sakafuni kando ya kitanda. Nilimpenda siku ile hata nikaumwa. Nikamwambia, "Tumbo litajijua. Tunaondoka."

Asubuhi akampata dereva wa lori aliyekuwa akienda Mackinnon Road, njia ya bara, mwenye nafasi ya kutosha godoro. Yeye na dereva walinibeba wakanilaza juu ya godoro, katikati ya magunia matupu, lori likiwa uwanjani mkabala na mlango wa duka. Mume wangu akarudi kufunga duka. Kizingitini palikuwa na yule bibi, peke yake, amenyoosha miguu.

"Jana uliniruka ukatoka," akamwambia. "Hukurudi."

"Nilikuwa namkimbilia mke wangu, mama. Nisamehe."

"Nilikusamehe jana. Lakini aliyeruka hurudi akaruka tena, ndipo jambo likatoka. Utaniacha nalo mpaka kaburini?"

Hilo nalo ni kweli: kuruka tena kwa kurudi hufuta laana ya kwanza. Kila mtoto wa huko hulijua. Mume wangu akavua viatu, akavishika mkononi, akaruka kwa adabu, akawa ndani ya duka. Nikamngoja bibi akunje miguu.

Hakuikunja. Wakaja wenzake na ukili wao, wakaketi kando yake, na kizingiti kikajaa.

"Sasa mwalimu," akasema, "ukitaka kwenda, njia hii hapa. Lakini kama ni kukaa, sisi tutalala mlangoni kwako na kwa mkeo, zamu kwa zamu. Wajukuu zetu tunawajua, na hao wengine wana bibi zao vilevile."

Dereva akapiga honi. Mimi nikampigia mume wangu kelele kwa lugha ya kwetu: ruka, njoo, unangoja nini! Nilimchukia yule bibi kwa moyo wangu wote. Alikuwa ametutega, ajuza yule, tena kwa mapenzi, na mapenzi ya namna ile nayo huua watu.

Mume wangu hakumtazama bibi. Alinitazama mimi. Akaweka viatu chini, akainua mguu.

Nikauona uso wake. Angeruka. Angemruka bibi yule, na mamaye mzazi, na kila alichokiamini, kwa ajili yangu, na asingenilaumu hata siku moja. Na mtu ambaye angefika kule tulikokuwa tukienda asingekuwa yule niliyeolewa naye.

Wale wengine tuliotishiwa nao hawakuja. Binti yetu alizaliwa Msambweni, mzima. Lakini asubuhi ile sikulijua hata moja kati ya hayo. Nilijua tu kwamba mguu wa mume wangu uko hewani, na kwamba mtoto amecheza tumboni, na kwamba ninaogopa kufa.

"Usiruke," nikamwambia.

Kisha nikamgeukia dereva, nikamwambia azime gari, ateremshe godoro.