Babushi za Urbain

Urbain alizaliwa Kasaï. Leta, ni kusema serikali, ilimutuma Butembo kupiga kashe, muhuri wake, ku makaratasi ya batu, na miaka kumi na moja imepita. Akitoka bureau anavua viatu ku mulango wa nyumba yake, anaingiza miguu mu babushi, ndala za bluu zilizoisha visigino, na kazi imekwisha. Siku moja Katungu, muuzaji wa chumvi, alimufuata kwake na karatasi ya kupigiwa kashe.

«Mama, angalia miguu yangu. Leta iko mu viatu. Kuya kesho.»

Katungu alinuna, akarudi.

Juzi mujumbe alifika na barua ya Leta.

«Papa Urbain, banakuhamisha kazi, banakupeleka muji wa Kindu.»

Urbain aliangalia barua, kisha babushi.

«Ipeleke ku bureau. Nitaipokea kesho.»

Mujumbe alirudi nayo. Urbain akaketi tena, akanyoosha miguu. Jioni ile alikuwa angali mutu wa Butembo.