Saa Ilisema Yasser Anatembea

Mumeo anakwambia amekaa msikitini. Saa iliyo mkononi mwake inasema anatembea.

Wewe ungemwamini nani?

Azza aliiamini saa.

Hakuwa mwanamke wa wivu, mama wa watu. Yeye na Yasser wameuza mapazia Mtaa wa Kongo, Kariakoo, tangu wakiwa wachumba. Ila miezi ile alikuwa hoi. Analala kachoka, anaamka kachoka.

Yasser ana presha. Daktari alimwambia atembee. Binti yao, Anfal, akamnunulia saa ya kuhesabu hatua, akaiunganisha na simu ya mama yake.

"Mama, uwe unamchungulia huyo. Mvivu!"

Mwanzoni hatua zilikuwa kiduchu. Halafu zikaanza kupanda. Zikapanda kweli kweli.

Kipindi hichohicho Yasser akaanza kuaga kila baada ya adhuhuri. "Napumzika msikitini kidogo." Kurudi, alasiri imeshapita.

Hata akiwepo, kukata vitambaa hataki tena. Mita apime Azza, mkasi ashike Azza, majora ya stoo juu ayateremshe Azza. Yeye mkono mfukoni, kama mgeni.

Azza akichungulia simu, hatua zinaongezeka. Wakati uleule ambao mtu anadai amekaa!

Akamwonyesha Badria, jirani yake muuza vyombo.

"Shoga, mwanaume wa umri ule hatembei jua la saa nane kutafuta afya."

"Anatafuta nini?"

"Ana nyumba ndogo huyo. Tena ya ghorofani, ona hatua zilivyojaa."

Badria alicheka. Azza hakuwa hata na nguvu ya kukasirika.

Kesho yake akamwachia Badria duka, akamfuata mumewe.

Yasser hakwenda msikitini. Akavuka Mtaa wa Msimbazi, akashika wa Uhuru, taratibu, mpaka bustani ya Mnazi Mmoja. Akakaa kwenye benchi. Peke yake.

Azza akajibanza nyuma ya muuza madafu, akasubiri huyo mwanamke atokee.

Hakutokea mtu.

Akatazama simu. Hatua zinapanda.

Akamtazama Yasser. Amekaa.

Akatazama simu tena. Zinapanda!

Akasogea. Ndipo akauona mkono wa kushoto, wenye saa, juu ya paja. Unatetemeka. Kidole gumba kinasugua cha shahada, kama mtu anayevuta tasbihi, na tasbihi hana. Yasser akaukamata kwa mkono wa kulia. Ukatulia. Alipouachia, ukaanza tena.

"Baba Anfal."

Akashtuka, akauchomeka mfukoni. "Umenifuata?"

"Nilidhani una mwanamke."

Yasser akacheka, cheko likageuka kilio. "Mwanamke? Mkono wenyewe hauwezi kutuliza kitambaa nikikate!"

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Muuza mapazia asiyeweza kukata pazia, Mama Anfal. Ningekwambia nini? Na wewe ulivyochoka vile? Jana mtoto kanipigia, ananipongeza kwa kutembea. Nikasema ahsante."

Azza akakaa. Akautoa ule mkono mfukoni, akaushika kwa mikono yake miwili. Ulikuwa unapapatika humo ndani kama kifaranga.

Aliona haya.

Hospitali ugonjwa huo wa kutetemeka ukapewa jina. Hauponi, ila dawa zinautuliza. Kuhusu saa, daktari alisema haina macho. Inachojua ni mkono kucheza, na mkono ukicheza inaweza kudhani mtu anatembea.

Siku hizi Yasser anapiga domo na wateja, Azza anakata. Yasser ana siku nzuri na siku mbaya. Azza bado anachoka, kusema ukweli. Tofauti ni kwamba akichoka anasema, na duka linafungwa mapema, wateja wapende wasipende.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama kuna mtu unamfuatilia kwenye simu, iweke chini kwanza. Kaa mbele yake, muulize, "Una nini?"

Halafu nyamaza, umsikilize.