Mimi Ndiye Ofisi

Haya, chekeni mmalize kwanza, maana hata mke wangu bado anacheka. Mimi ni mtendaji wa kijiji huku Uru, chini ya Kilimanjaro, nina meza, muhuri na mgambo wawili (mmoja ana goti bovu), na siku ile niliamini hivyo vinatosha kuisaidia Ulaya.

Mpelelezi wa huko aliniandikia barua pepe. Alikuwa anamfuatilia tapeli mmoja wa kwao aliyewahi kupanda mlima akiongozwa na Elia, mtoto wa Mama Ndeshi, na huenda kwenye simu ya Elia kulikuwa na mawasiliano yao. Aliuliza swali moja tu: aiandikie ofisi gani? Ningejibu sijui, yangeishia hapo. Nikamjibu, mimi ndiye ofisi.

Jumapili nikaenda na mgambo wangu kanisani, ibada imeisha, watu wako nje kwenye mnada wa sadaka, mkungu wa ndizi umeinuliwa unanadiwa, nami (kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni) nikamwamuru Elia atoe simu kwa amri ya serikali mbili, yetu na ya Ulaya. Mnada ukasimama.

"Mtendaji, mwanangu ameua nani?" Mama Ndeshi akauliza.

Nikatia simu kwenye bahasha, nikaigonga muhuri pale pale juu ya meza ya mnada.

Kesho yake Elia alikuwa apande na wageni. Kampuni ikasikia anatafutwa na polisi wa Ulaya, ikampa kazi mtu mwingine. Mimi wakati huo nampigia mwanasheria wa wilaya, nangoja pongezi.

"Nani kakupa mamlaka?" akaniuliza. Akanieleza kwamba maombi ya nje hupitia wizarani, yakapimwa, mahakama ikatoa kibali, na kwamba hata waziri hana ruhusa ya kufanya nilichofanya mimi na mgambo mwenye goti. "Kama ushahidi, umeshaiharibu. Irudishe, tena pale pale ulipoichukulia." Mpelelezi naye akaandika, kwa adabu iliyoniuma zaidi, kwamba hawezi kuitumia simu ile.

Jumapili iliyofuata nikasimama kwenye mnada ule ule, mkono mmoja simu, mkono mwingine jani la isale, maana sisi Wachagga ukimkosea mtu unamwendea na isale, na akishaletewa hakatai kusamehe. "Shikamoo mama," nikasema, nikamrudishia Elia simu, mama nikamnyooshea jani. Niliona aibu mpaka magoti, yote mawili. Mama Ndeshi akalipokea jani, akaligeuza geuza.

"Umelikata wapi?"

"Mpakani mwa shamba langu la kihamba, mama. Si ndiko masale yanakopandwa."

"Kumbe mipaka unaijua."

Watu walicheka sana. Msamaha nilipewa, lakini ile safari ya Elia ilikuwa imeshapanda mlima na kushuka bila yeye, na jani halirudishi safari. Nimeapa, barua ikija hata kutoka kijiji cha pili, jibu langu ni moja: ngoja niulize.

Elia bado ananiamkia akipita. Ila hasimami.