Aibu ya Mmarekani

Harufu ya gundi ya faibaglasi na msasa uliolowa maji ndiyo iliyokuwa harufu ya Baba mwaka ule nilipokuwa na umri wa miaka kumi, katikati ya miaka ya sabini. Ilikaa ndani ya kanzu yake ya Ijumaa hata Mama alipoifua mara mbili. Baba alikuwa fundi bodi aliyejifunzia kazi Tanga, na huku Birmingham alikodi tao moja chini ya reli, kule Digbeth, ambako kila treni ilipopita vumbi la matofali lilimwangukia kichwani. Humo ndimo alimolifufua gari la michezo la Kimarekani, jekundu, lenye milango miwili, boneti ndefu na usukani upande wa kushoto. Alilinunua kwa wauza vyuma chakavu likiwa gofu. Nyumbani tuliliita Mmarekani, na Mama alilichukia kama mke mwenza. "Leo Mmarekani wako kala nini, Baba Zuwena?" alimwuliza kila alipochelewa chakula. Lakini hata yeye alijua kwa nini Baba anajitesa. Bibi, mama yake Baba, alikuwa mgonjwa Tanga, na barua zake zilikuwa zikizidi kuwa fupi. Likiuzwa gari, Baba angepanda ndege akamwone mama yake. Lisipouzwa, hana safari.

Mtaa wetu wa Bordesley Green haukututaka. Sisemi hivi kwa kinyongo; Mwenyezi Mungu ametupa mengi hapa na ninamshukuru. Lakini ilikuwa hivyo. Lango letu liliandikwa kwa chokaa kwamba turudi kwetu, Mama akalifuta, likaandikwa tena. Jirani wa mlango wa pili, mzee mwenye mbwa mdogo mweupe, hakuwahi kuitika salamu ya Baba hata siku moja, na Baba hakuwahi kuacha kumsalimu. Siku Baba alipomleta Mmarekani na kumwegesha mbele ya nyumba ili wanunuzi wamwone, jirani yule alisimama kwenye ngazi zake akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mtu kama huyu kalitoa wapi gari kama hili?"

Mnunuzi alikuja Jumamosi mchana kutoka Sutton Coldfield, amevaa glavu za ngozi. Alilizunguka gari mara tatu, akaketi ndani, akacheka peke yake kama mtoto. Bwana yule alikwisha kunyoosha mkono wapatane, ndipo Baba akanigeukia. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu, na mbele ya wageni aliona haya kukisema, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake. "Mwambie, mwanangu, gari lina aibu. Uti wake ulivunjika, nikauunga kwa moto."

Kwetu, aliyesoma chuo cha Kurani anajua kwamba bidhaa yenye ila lazima muuzaji aitaje kabla ya kupokea mkono wa mnunuzi, na ila hiyo Baba aliiita aibu, kama walimu wake walivyoiita. Chesisi aliiita uti, kama fundi aliyemfundisha. Mimi nilijua aibu moja tu, ile ya kufedheheka. Basi nikamtafsiria bwana yule neno kwa neno: gari hili lina fedheha, mgongo ulivunjika, na baba yangu akautia moto.

Mkono ulirudi mfukoni. "Mgongo wa nani?" aliuliza. Nami, kwa hofu, nikarudia yale yale. "Nilisema mimi!" jirani alipaza sauti. "La wizi hilo! Wamemgonga mtu nalo!" Akaingia ndani kupiga simu. Polisi alipofika alimsimamisha Baba ukutani, akamtaka atoe kila karatasi, na mtaa wote ukatoka kutazama, wengine na vikombe vyao vya chai mkononi. Baba alitoa karatasi moja moja. Kisha akalala chali barabarani kwa suruali yake safi, akajisogeza chini ya gari, akagonga kwa kidole pale alipochomelea. Polisi aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Kumbe chesisi," alisema. "Na umeunga vizuri." Akamrudishia karatasi, akaenda zake bila kuomba radhi. Mnunuzi naye alikwisha fungua mlango wa gari lake. "Sinunui kitu kwa watu wa namna yenu," alisema, akimwangalia Mama, wala si Baba.

Mama alisubiri mlango ufungwe, akamgeukia Baba. "Nani kakutuma useme? Mnunuzi mwenyewe hakuiona!"

"Anayeniona mimi kaiona," Baba alijibu, akaenda kutawadha.

Mmarekani alikaa pale wiki saba bila mnunuzi. Ndani ya wiki hizo simu ya upepo, telegramu ya maneno machache, ilikuja kutoka Tanga, na hapakuwa tena na Bibi wa kwenda kumwona. Nililia kwa kuwa nilijua ni ulimi wangu uliomzuia Baba kusafiri. Baba aliniketisha kitandani akaniambia, "Ulisema nililokwambia, Zuwena. Deni huna." Hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Leo mtaa ule umejaa watu wetu na hakuna anayeandika kwenye lango langu. Wiki iliyopita mjukuu wangu Idrisa alinionyesha kwenye simu tangazo la gari lake analoliuza, picha kumi na mbili, linang'aa. Nikamwuliza aibu yake ameiandika wapi. Huyu hunielewa vizuri, ila hunijibu kwa Kiingereza. Akacheka, akaniuliza gari litaonaje haya.

Nikamwambia azime simu, aketi. Nilianza na harufu ya gundi. Nilipomaliza aliiwasha simu tena, akalifungua lile tangazo, na kwa muda mrefu nikasikia kidole chake kikiandika.