Radamés na farasi wa kwenye chupa

Jua halijapita bomba la kiwanda cha sukari, bomba ambalo halijatoa moshi kwa miaka mingi, na Radamés Linares anaburuta chaga ya kitanda. Ameifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki, akaiwekea matofali mawili juu, na sasa anazunguka nayo uwanjani akisawazisha udongo mwekundu kwa ajili ya mechi ya besiboli ya jioni.

"Kitanda hiki nimekilalia miaka kumi," anasema. "Hakikunipa usingizi hata siku moja. Huku angalau kina kazi."

Ana miaka arobaini na mmoja. Halmashauri ya Consuelo, mji mdogo wa Jamhuri ya Dominika, humlipa peso elfu kumi na nne kwa mwezi kuutunza uwanja, na anasema fedha hizo hazijawahi kuuona mwisho wa mwezi. Bega lake la kulia halipandi kufikia sikio. Hata hivyo, muulize yeyote mtaani, atakuapia kwamba hakuna bega lililowahi kurusha mpira kama hilo.

Ndiyo maana kamati ya uwanja iliamua kumchora ukutani, pamoja na wachezaji watatu waliomtangulia. Sherehe ni Jumapili. Mtu mwingine angefurahi na kushona shati. Radamés alisimama kwenye kikao akaomba kwanza apewe kipaza sauti siku hiyo, awaambie watu kwamba nguvu zake zilitoka kwenye sindano.

Mwenyekiti akamuuliza nani kamuuliza. "Na hao watatu waliokwisha kuchorwa," akaongeza, "unataka tuwafute?"

Kipaza sauti alinyimwa. Mwandishi amezunguka mtaa huu siku tatu akitafuta mwenye haki, na amerudi na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Radamés alipokuwa na miaka kumi na saba, mwalimu wake wa mchezo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akileta kichupa kila Jumatatu. Alisema ni vitamini. Kilikuwa na picha ya farasi aliyeinua miguu ya mbele. Mchomaji alikuwa Mama Eneida, jirani ambaye hadi leo ndiye anayeuchoma sindano mtaa mzima, mwenye mafua na mwenye uchovu, wote wakisifu wepesi wa mkono wake.

"Nilidhani farasi ni nembo tu," Radamés anasema. "Kopo la maharage lina picha ya mwanamke. Mwanamke hayumo ndani."

Katika miezi minne mpira wake ulitoka kasi ya maili themanini na sita kwa saa ukafika tisini na tatu. Siku ya majaribio, mbele ya wasaka vipaji kutoka Marekani, mpigaji aliyepangwa kukabiliana naye alikuwa Bonifacio Frías, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mara tatu Bonifacio alisimama na gongo lake, mara tatu akatolewa bila kuugusa mpira.

Wasaka vipaji waliondoka na Radamés. Alicheza huko miaka sita katika ligi za chini, bega likachanika, akarudi. Hakuna aliyemshuku wala kumpima. Bonifacio alibaki, na leo anakaanga maandazi ya chumvi kwenye lango la uwanja huuhuu, hatua ishirini kutoka pale aliposhindwa.

Ukweli ulimkuta Radamés akiwa na miaka thelathini, akifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe. Tajiri alimtuma duka la dawa za mifugo, akamnunulie dawa farasi aliyekonda. Muuzaji akaweka kichupa juu ya meza. Kilikuwa kilekile.

"Nilikaa chini mle dukani. Yule bwana akanipa maji, akidhani ni jua."

Basi hakujua, au sivyo? Radamés anajikuna kidevu.

"Sikujua. Lakini kusoma nilijua, na maandishi yalikuwa upande wa nyuma. Sikuwahi kukigeuza kile kichupa. Sasa mtu asiyegeuza chupa, huyo anajua au hajui? Niambie wewe uliyesoma."

Mwandishi aliliandika swali hilo, akaenda kwa Mama Eneida.

Mama Eneida, mwenye miaka sabini na minane, hana shaka yoyote. "Mimi nachoma, mwanangu, sipiki dawa," anasema. "Kijana alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, nikamnenepesha. Leo anataka kwenda kunitangaza?" Kisha anamtazama mwandishi machoni, anasema damu yake inaonekana pungufu, na sindano anazo.

Mwenye jambo hasa ni Bonifacio. Radamés amejaribu kumwambia mara nyingi, na kila akianza, Bonifacio anaongeza sauti ya redio.

"Najua anachotaka kuniambia, mtaa huu hauna siri," Bonifacio anasema huku akigeuza maandazi. "Sitaki. Watoto wangu nimewaambia baba yao alishindwa na mkono bora kuliko yote Consuelo. Sasa niwaambie nilishindwa na farasi?"

Ukimsikia, unaona ana haki. Ukimrudia Radamés, unaona naye anayo. Kichwa kinauma.

Alhamisi mchoraji alikuja. Radamés alimwomba jambo moja: amchoree farasi mdogo miguuni, ameinua miguu ya mbele. Huko ndiko kukiri kwake, kwa kuwa kipaza sauti hakipo. Kufikia adhuhuri wapita njia walikuwa wakisimama na kusifu. Kweli, walisema, alikuwa farasi yule! Wengine walimpigia makofi.

"Nimekiri, wamenishangilia," Radamés alisema, mikono kichwani. "Sasa nifanye nini?"

Mpango wake ni mdogo. Ataendelea kuburuta chaga yake kila asubuhi, na yeyote atakayemuuliza maana ya farasi huyo atamweleza yote, bila kumtaja Mama Eneida. Anaomba aulize japo mtu mmoja.

Jumamosi, mwandishi akiaga, redio ya langoni ilizimwa. Bonifacio alifuta unga mikononi, akavuka uwanja, akasimama mbele ya ukuta. Aliutazama mchoro, akianzia kofia hadi chini.

"Rada," akasema. "Huyo farasi wa nini?"

Radamés aliegemeza reki ukutani. Alipangusa ubao wa benchi kwa kiganja, mahali pa mtu mmoja, na Bonifacio akakaa.