Jini Aliyehama Nami Chooni

Wakati wa vita sikujua kwamba naumwa. Kila nilipokwenda haja ndogo, moyo ulitwanga kama mchi, kichwa kikagonga, jasho likanitoka. Lakini katika mji wetu wa Kindu siku zile, nani hakuwa na moyo unaotwanga? Vita vikaisha. Moyo wangu haukupata habari.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa mtaani Alunguli, basi nikajitafutia jibu: chooni hukaa majini, ndiyo maana tunafundishwa dua ya kuingia. Nikazidisha dua. Nikafukia choo, nikapanda ndizi juu yake, nikachimba kingine, halafu cha tatu. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Mwalimu, jini yako anapenda nyumba mpya kuliko weye."

Mwaka huu nikaanguka chooni. Mke wangu akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke, umri wa wajukuu wangu, nami nikaona haya. Nikamtajia kichwa tu. Akapima presha: nzuri. Tukarudi mara mbili: nzuri. Mara ya nne mke wangu alichoka na haya zangu.

"Dokta, huyu muzee anakuficha. Inamushika akikojoa. Umupime akitoka chooni."

Nikatazama dari. Daktari hakucheka. Akapima, akanipa kikombe, akanituma chooni, akapima tena nikiwa bado nafunga kamba ya suruali. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Ekografi, ile mashine ya kupiga picha tumboni, ikaonyesha uvimbe mdogo kama karanga kwenye ukuta wa kibofu.

Akanieleza kwamba uvimbe wa aina hiyo ni nadra. Humwaga homoni ileile inayotukimbiza tukiona nyoka. Kibofu kikijikamua, nao hukamuliwa. Ili kuhakikisha, mkojo wangu ulipelekwa maabara ya mbali kwa ndege. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege.

Jibu liliporudi, lilithibitisha maneno yake. "Hatukati haraka, muzee," akasema. "Tukiugusa kabla dawa haijatuliza presha, unaweza kukuua."

Nikameza dawa majuma kadhaa. Kungoja ni kazi ninayoijua.

Nikapasuliwa salama. Siku mpira wa mkojo ulipotolewa, nilisoma dua yangu, nikaingia chooni kwa mguu wa kushoto. Mke wangu alisimama nje na birika.

"Imekuja?"

Nikamaliza kukojoa, nikasikiliza kifua. Kilikuwa kimetulia kama cha mtu mwingine.

"Haijakuja."

"Basi toka, baba. Wagonjwa wengine wanangoja."

Kumtaja Mungu chooni haifai, kwa hiyo nilitoka mbio nikamshukuru mlangoni, mpaka nesi akanikemea kwa kukimbia na mshono.