Mama Alipokatazwa Kisu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, pale Gongoni, mama yangu alikatazwa kushika kisu. Si kisu tu: wembe, mkasi, panga, hata mbuzi ya kukunia nazi. Alikuwa mjamzito, na mdogo wangu Kazungu alikuwa amezaliwa na mdomo wa juu uliopasuka hadi karibu na pua. Hawe, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa na hakika ya sababu: mwezi ulipopatwa, mama alikuwa akipasua samaki. Kisu kilipita kwa samaki, kikapita na kwa mtoto.

"Safari hii hakati kitu," Hawe alisema. "Kadzo, wewe ndiye mkono wake."

Basi nikawa mkono. Nilikata vitunguu huku nalia, nikapasua samaki, nikamkata mama kucha naye amegeuza uso kando. Nikiwa shuleni, muhogo ulivunjwa kwa goti na mchicha ukapikwa na mashina yake. Baba akirudi kutoka kwenye mashamba ya chumvi alikula bila kuuliza. Hakuna aliyetamka, lakini hata mimi nilijua: akizaliwa mwingine kama Kazungu, wa kulaumiwa ni mama.

Akazaliwa Sidi. Mdomo wake ulikuwa umepasuka vilevile, upande uleule.

Nilimtazama Hawe, nikingoja aseme ni mwezi gani tena, kisu gani. Alimfunika mtoto kwa leso, akasema polepole, "Basi mama yako alimcheka mtu mwenye kilema."

Baadaye mama akapata mimba ya mdogo wetu Charo, wala hakuna aliyejisumbua kumkataza lolote. Alikata mpaka kuni. Charo akatoka na mdomo mzima, na hapo ndipo akili yangu ilipogota kabisa. Kazungu na Sidi walishonwa hospitalini, leo ni watu wazima wenye maneno mengi kuliko mimi.

Sasa nina mimba mimi. Kliniki kule Malindi nilimwuliza daktari. Alinieleza kwa upole kwamba jambo hili likishatokea katika familia, uwezekano wa kutokea tena huongezeka, ingawa watoto wengi huzaliwa salama.

"Na sababu?"

"Mara nyingi hatuijui. Lakini mama yako hakufanya kosa."

Nilitoka nimefarijika na bado sielewi. Kwa nini wawili, na si wa tatu? Nilitaka mtu aniambie nifanye nini. Hawe angalau alikuwa na la kuniambia.

Nilipofika nyumbani nikampigia mama, nikamwuliza kama aliogopa ile miezi yote.

"Mdomo sikuuogopa," alisema. "Mtoto ni mtoto. Niliogopa kuulizwa nilifanya nini. Nawe wakikuuliza ulifanya nini, mwanangu, waambie ulizaa."

Sijui mtoto wangu atakuja vipi. Nilikaa na simu mkononi nikalia, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyohitaji mama kuambiwa siku ile alipozaliwa Sidi, na nyumba nzima hakuna aliyemwambia.